Mzimu wa Kiume Katika Mwili wa Mwanamke

Hapa Tunduma, ambapo reli ya TAZARA na malori yaendayo Kongo huvuka mpaka kuingia Nakonde ya Zambia, na ambapo Mnyamwanga anao ndugu pande zote mbili, majina ya Mungu husikika mengi kwa siku moja, huyu akimtaja Mulungu, yule Leza wa mvua na radi, ambaye sifa zake zimeenea tangu Ubemba hata Uila; na katika mazungumzo hayo watu huniuliza kama ni kweli iko miungu ambayo ni mume na mke kwa pamoja. Ni kweli; na kwa mfano wa mume na mke kukutana katika mwili mmoja hatuhitaji safari ndefu.

Katika dini ya kubandwa, yaani ya kupandwa na mizimu, iliyoenea Rwanda, Burundi na Buha, na ambayo kwa jina la Uswezi ilifika hata Usumbwa na Unyamwezi, mkuu wa mizimu ni Ryangombe, aitwaye Kiranga na Warundi: mwindaji shujaa aliyechomwa pembe na nyati akafa penye mti wa maua mekundu, na ambaye makao yake, wasema Wanyarwanda, ni mlima Karisimbi. Lakini Kiranga alipompanda mwanamke, huyo hakuwa tena mke wa fulani wala mama wa fulani; alishika mkuki, alivaa vazi la heshima la wanaume, alikaa juu ya kigoda ambacho siku nyingine kilikuwa haki ya wanaume peke yao, na waliohudhuria walimwomba baraka kwa taadhima. Iris Berger, mwanahistoria aliyeyachunguza haya katika kitabu chake cha mwaka 1981, aonyesha kwamba kwa wanawake walio wengi hadhi hiyo ilikoma pamoja na ibada, ila kwa makuhani wachache ilidumu.

Unguja nako, pepo wa kibuki, ambao asili yao husemwa ni Bukini, yaani Madagaska, hawachagui kiti, yaani mtu wa kumpanda, kwa jinsia yake: mwanamke aliyepandwa na pepo mwanamume hubadilika sauti na mwendo, hudai brandi yake, naye husemeshwa kama mgeni mwanamume.

Na mbali na hapa iko miungu ambayo yenyewe ni mume na mke: Misri ya kale ilimchora Hapi, mungu wa mafuriko ya Nili, ana ndevu na matiti, kwa kuwa maji yale huirutubisha nchi na kuinyonyesha. Wahindu humchonga Ardhanarishvara, nusu Shiva na nusu Parvati.

Kwa hiyo siwaafiki wanenao kwamba fikra hizi zimeletwa na wageni juzi, ingawa pia naona si insafu kumwita kuhani wa Kiranga kwa majina ya utambulisho wa zama zetu, ambayo yeye hakuyajua. Kilicholetwa na wageni ni kinyume chake: wamisionari wa Kikatoliki walipoipiga vita kubandwa, wakiihesabu ibada ya shetani, kigoda kile kiliondolewa, na katika mabaraza ya kikoloni yaliyofuata mwanamke mkulima hakuwekewa kingine.