Mkakati wa benki huanzia shambani

MKULIMA wa viazi wa Mau Narok, Kaunti ya Nakuru, hapokei mshahara mwisho wa mwezi. Fedha huja anapovuna. Kabla ya hapo ni gharama tupu za mbegu, mbolea na dawa ya kunyunyizia. Benki inayomtaka alipe mkopo kila mwezi hujitafutia hasara. Hivyo, mkakati wa faida huanza na swali moja: benki inamhudumia nani, na kwa gharama gani?

Mfano bora nchini ni Equity, iliyoanza mwaka 1984 huko Kangema, Murang'a, ikikopesha watu fedha za nyumba. Kufikia mwaka 1993, kwa hesabu, ilikuwa imefilisika. Hasara iliyolimbikizwa ilifika Sh33 milioni ilhali mtaji wake ulikuwa Sh3 milioni, na asilimia 54 ya mikopo ilikuwa imekwama. Kiini cha tatizo hakikuwa uvivu wa makarani. Mikopo ya nyumba hulipwa kwa miaka mingi, lakini mwenye amana anaweza kuzidai fedha zake kesho asubuhi.

Chini ya uongozi wa James Mwangi, mkakati uligeuzwa. Ilianza kutoa mikopo midogo ya muda mfupi kwa wakulima na wachuuzi, watu ambao benki kubwa, zilizokuwa zikifunga matawi ya mashambani, hazikuwataka. Na kweli walikuwa na gharama: akaunti ya Sh500 humchukulia karani muda uleule wa akaunti ya Sh500,000. Ndipo Equity ikaleta kompyuta, na magari yaliyofika vijijini kwa siku maalumu badala ya kujenga tawi kila mahali. Faida ilikuwa ndogo kwa kila mteja, ila wateja walikuwa wengi mno. Mwishoni mwa mwaka 2004 ikawa benki kamili, na Agosti 2006 ikaingia katika Soko la Hisa la Nairobi.

Hata hivyo, wingi wa wateja si kinga tosha. Kule Mau Narok, bei ya viazi ikianguka, huwaangukia wakulima wote kwa wakati mmoja. Kwa sababu hiyo wapangaji makini huchanganya wakopaji wa viazi, ngano, shayiri, maziwa na maduka ya sokoni, kisha hutenga sehemu ya faida kufidia mikopo itakayokwama.