Kadi Mbili, Luku na Joto la Dar: Kuunda Mashine ya Kurenda Katuni

Katuni ya dakika 5 ina picha 7,200, kwa hesabu ya picha 24 kila sekunde. Mtazamaji anaziona kama mwendo mmoja. Sisi tunaozitengeneza tunazijua moja moja, kwa kuwa kila picha ni lazima kompyuta iikokotoe: jua lilivyopiga ukuta wa udongo, mwanga ulivyoruka kutoka ukutani ukiwa umebeba rangi yake, ulivyomwangukia bibi aliyekaa barazani, kisha kivuli kilichobaki chini ya kigoda chake. Kazi hiyo tunaiita kurenda. Picha moja ikichukua dakika 2, filamu yote inadai saa 240, ambazo ni siku 10, usiku na mchana, kompyuta ikiwa haijapumzika.

Kazi hii naifanyia Tabata, Dar es Salaam, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, pamoja na wenzangu wawili. Tunatumia Blender, programu ya bure ambayo kompyuta yoyote nzuri inaweza kuiendesha. Siku 10 hizo ndizo zilizonisukuma nijifunze kuunda mashine yenye kadi ya grafiki zaidi ya moja. Wengi hudhani sababu ni kumuwahi mteja. Kumuwahi mteja ni jambo jema, lakini kwangu lenye uzito zaidi ni kurudia. Mchoraji anayesubiri siku 10 kuiona kazi yake ikiwa kamili hatairekebisha. Ataona mkono wa bibi umepinda isivyo, ataumia moyoni, na ataupeleka hivyohivyo, maana kuunyoosha ni kurudi nyuma ya foleni. Naamini kabisa kwamba katuni zetu nyingi zinatoka zikiwa hazijaiva kwa sababu hiyo. Wachoraji wanajua, nafasi ya kurudia ndiyo hawana.

Kwa nini kadi ya grafiki, tena zaidi ya moja? Prosesa ya kawaida ina koa chache, yaani vitengo vya kukokotoa, tuseme 8 au 16, kila moja hodari wa kazi yoyote. Kadi ya RTX 3060 ina koa ndogo 3,584, na RTX 3090 ina 10,496. Picha ya Full HD ina pikseli zaidi ya milioni 2, na hesabu ya pikseli hii haingoji jirani yake imalize. Ni kama kuvuna mpunga: kila mtu akiwa na jaruba lake, watu wakiongezeka shamba linaisha mapema, na hakuna anayemzuia mwenzake. Cycles, injini ya Blender inayofuata miale ya mwanga tangu mwaka 2011, inajua kugawa picha moja kwa kadi zote ilizozikuta ndani ya mashine. Kadi hazihitaji kuunganishwa kwa daraja lolote. Unaichomeka ya pili, unaitia alama kwenye mipangilio, na inaanza kazi.

Sasa sehemu inayowaponza wengi, nami naisisitiza kwa kila kijana anayeniuliza: kumbukumbu za kadi zisizounganishwa kwa daraja hazijumlishwi. Mandhari nzima unayoirenda inanakiliwa ndani ya kila kadi. Kadi mbili za GB 12 zinakupa kasi ya kadi mbili, lakini nafasi inabaki GB 12. Chukua mandhari ya soko: meza za mbao, maembe, magunia, mabati, nguo za watu. Kila kitu kina picha inayokivisha sura yake, na picha moja ya pikseli 4,096 kwa 4,096 ikishafunguliwa inakula kama MB 64. Weka 100 za namna hiyo, na zaidi ya nusu ya kadi ya GB 12 imejaa kabla hujahesabu maumbo yenyewe. Ndiyo maana RTX 3060 ya GB 12, iliyo nyuma kwa kasi, kwangu ni kadi bora kuliko RTX 3070 yenye GB 8. Kadi ya haraka inayokataa kufungua soko lako haikusaidii kitu. Kama fedha inatosha kadi moja kubwa au mbili ndogo, nunua ile kubwa kwanza, uache sloti moja wazi kwa ajili ya mwakani.

Kadi zenyewe tunazipata Kariakoo, au kwa watu wanaoleta mizigo kutoka Dubai, na nyingi zimeshatumika. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha mfumo wa kuchimba sarafu kwa kadi za grafiki, na kadi zilizokuwa zikichimba zikamwagika sokoni. Sizikatai. Kadi iliyofanya kazi mfululizo mahali penye ubaridi inaweza kuwa nzima kuliko iliyokaa kwenye kompyuta ya michezo iliyojaa vumbi. Muuzaji atakwambia, "Dada, hii inawaka vizuri, ona mwenyewe." Kuwaka hakuthibitishi lolote. Mwombe uirendeshe nusu saa mfululizo, huku unatazama joto lake na kusikiliza feni. Feni inayokwaruza, au picha yenye vidoti vya rangi visivyo na mwenyewe, ni ishara ya kumrudishia kadi yake kwa heshima na kuondoka.

Joto ndilo linaloamua kama mashine itadumu. RTX 3090 moja inavuta wati 350, na karibu zote zinatoka kama joto. Ukizibana mbili kwenye mazabodi, ya juu inavuta hewa ambayo ya chini imeshaichemsha. Weka kiganja kwenye upenyo kati yake kazi ikiendelea, utaelewa mara moja. Kadi ikizidi joto inajipunguzia kasi ili isiungue, kwa hiyo umelipia kadi mbili na unapata moja na nusu. Dawa yetu ilikuwa kuihamisha ya pili. Tulitumia raiza, waya bapa unaotoka kwenye sloti, tukaisimamisha kadi mbali na mwenzake ndani ya fremu ya chuma iliyo wazi, iliyochomelewa na fundi wa mtaani. Urembo haina. Feni kubwa inapuliza kutoka upande mmoja, dirisha liko upande wa pili, na kila wiki tunapuliza vumbi. Hata sloti yenye njia chache za kupitishia data inafaa kwa kurenda, kwa sababu mandhari inaingia kwenye kadi mara moja kwa kila picha, kisha hesabu zote zinafanyika humohumo.

Kuna jambo la pili linalopunguza joto, na halina gharama. Kwa amri moja unaweza kuizuia kadi ya wati 350 isivute zaidi ya 280. Kasi inapungua kidogo, joto linashuka sana, na Luku, mita yako ya umeme, inakushukuru. Kwa bei tunayonunulia sisi, shilingi 10,000 inatoa kama uniti 28. Mashine inayovuta wati 800 kwa saa 10 inakula uniti 8, ambazo hazifiki shilingi 3,000. Hesabu hiyo iingie kwenye bei unayomtajia mteja; wengi wanaisahau.

Pawa saplai usiifanyie ubahili. Kadi mbili za wati 350 ni 700, prosesa na vingine ni kama 200, na kadi hizi huruka juu ya kiwango chake kwa kufumba na kufumbua. Sisi tunatumia ya wati 1,200 ya chapa inayoaminika, na kila kadi ina waya zake kutoka kwenye pawa saplai. Waya mmoja uliogawanywa mara mbili unapata moto. Mbele ya yote hayo ipo UPS inayohimili dakika chache tu, zinazotosha kuzima kwa utaratibu. Umeme unaporudi kwa kishindo, ni afadhali kishindo kiishie hapo.

Kabla hujauza pikipiki ununue kadi ya nne, angalia kwanza programu. Filamu ya Flow ya Gints Zilbalodis wa Latvia, iliyopata Oscar mwaka 2025, ilitengenezwa kwa Blender, na alirenda kwenye kompyuta yake mwenyewe kwa EEVEE, injini isiyofuata kila mwale wa mwanga. Hata ndani ya Cycles, kupunguza sampuli, yaani idadi ya miale kwa kila pikseli, na kuiachia programu isafishe chengachenga kunaweza kukupa kasi kuliko kadi mpya. Na kadi zikiongezeka, faida inapungua. Tuseme picha inahitaji sekunde 20 za prosesa kuandaa mandhari, na sekunde 100 za kadi. Kadi moja: sekunde 120. Kadi mbili: 70. Kadi nne: 45. Zile 20 hazigusiki, hata ukijaza chumba kadi.

Kwa hiyo tunafungua Blender mara mbili. Nakala ya kwanza tunaipa kadi ya kwanza, ya pili tunaipa kadi ya pili, kila moja irende picha yake kwenye folda moja. Maandalizi ya huyu yanafanyika wakati mwenzake anakokotoa. RAM inabebeshwa mara mbili, na kwa mandhari zetu GB 64 inatosha. Katika mipangilio tunaziambia zisiguse faili lililokwisha kuwepo, na kila nakala iweke faili tupu kwenye namba inayoanza kuirenda, ili mwenzake aipite. Kila picha inahifadhiwa peke yake kwa PNG, kamwe si kama video moja. Umeme ukikatika saa 8 usiku, video inaharibika yote. Kwa PNG umepoteza picha mbili tu zilizokuwa mikononi.

Picha hizo mbili ndizo za kutafuta asubuhi. Zimeacha mafaili yao tupu, na mashine ikiwashwa itayaruka ikidhani kuna mtu anayafanyia kazi. Panga folda kwa ukubwa wa faili, yenye KB 0 yatakaa juu. Yafute, kisha anzisha nakala zote mbili, nazo zitajaza mapengo kabla ya kuendelea zilipoishia.