Posho Iliyogeuzwa Hukumu

Kila mwaka, kampuni ya Economist Intelligence Unit ya London inapotoa orodha yake ya miji inayofaa kuishi, wataalamu wa mipango miji huulizwa swali lile lile: mji gani mbaya kuliko yote duniani? Mwaka 2025 magazeti yalijibu: Damascus, ikifuatiwa na Tripoli, kisha Dhaka. Mabishano yakapamba moto kana kwamba ni msimamo wa ligi.

Swali lenyewe ni bovu. Orodha ina miji 173 tu, na kwa miaka mingi Kabul na Baghdad zimeachwa nje. Kampuni nyingine, Mercer, iliipa Baghdad nafasi ya mwisho, ya 231, mwaka 2019. Kumbe mji unaweza kukwepa mkia kwa kutokufanya mtihani!

Hilo bado dogo. Imani inayochosha zaidi ni kwamba orodha hupima maisha ya wenyeji. Haipimi. Moja ya kazi zake kubwa ni kuwasaidia waajiri wanaotuma watu ughaibuni, na viwango vyake viko wazi: mji wenye alama zaidi ya 80 hauna nyongeza, kati ya 70 na 80, mfanyakazi aongezewe asilimia 5 ya mshahara, 50 kushuka chini, asilimia 20. Mwalimu aliyewahi kupangiwa wilaya ya pembezoni anaijua hesabu hii: ni posho ya mazingira magumu. Ndiyo maana miongoni mwa vigezo 30 kimo kinachopima hali ya hewa inavyomsumbua msafiri, na kingine ubora wa shule binafsi. Gharama za maisha hazimo; zina orodha yake.

Wanaoicheka Dhaka huongeza: mbona watu bado wanamiminika huko, hawana akili? Wanazo. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ya 2025 yanaipa zaidi ya watu milioni 36, ya pili duniani baada ya Jakarta. Familia ambayo mto umemeza shamba lake kijijini hailinganishi Dhaka na Vienna. Inalinganisha kijiji kisicho na ardhi tena na kiwanda cha nguo kinacholipa kila mwezi. Jedwali la London halina safu ya jambo hilo. Foleni na moshi wa Dhaka si uzushi, na wa kwanza kuumia ni wenyeji. Ila orodha haiwaulizi kipi kinawauma zaidi.

Halafu nafasi zenyewe hudanganya. Katika orodha ile ya 2025 Damascus ilipata alama 30.7, Tripoli 40.1, Dhaka 41.7, Karachi 42.7. Hatua moja ya nafasi ni karibu alama 10 pale mkiani, na alama moja tu kati ya Dhaka na Karachi. Meya anayepanda nyasi barabarani na kuwatimua wamachinga ili apande nafasi anatibu kipimajoto.

Anayetaka kujua kweli aachane na nafasi, asome alama za kila kundi: utulivu, afya, utamaduni na mazingira, elimu, miundombinu. Aulinganishe mji na ulivyokuwa miaka mitano nyuma. Kwa Afrika, asome utafiti wa maoni wa Afrobarometer, unaouliza kaya zilikosa maji, chakula au dawa mara ngapi. Anayehama aulize kodi, foleni ya saa 12 asubuhi, na bomba linatoa maji siku ngapi kwa wiki. Na aliyetumwa na kampuni mji wenye alama chini ya 50, adai asilimia 20 yake kabla hajasaini mkataba.