Leza Inayoongozwa na Picha Katika Tiba ya Macho



Sisi wa Kirando, tunaoishi kwa samaki wa Ziwa Tanganyika, hatukosi sababu ya kukipenda Kitabu cha Tobiti. Humo Tobia, akielekezwa na Malaika Rafaeli, alimpaka baba yake nyongo ya samaki, na utando mweupe ukabanduka machoni. (Asitokee mtu wa kujaribu nyongo ya migebuka!) Lakini maradhi ya Tobiti yalikuwa mbele ya jicho. Yale tunayoyaeleza leo hujificha nyuma yake, katika retina, utando unaopokea mwanga na kupeleka habari zake kwenye ubongo.

Kisukari cha muda mrefu hudhoofisha mishipa midogo ya damu ya retina. Mingine huvuja, mingine huziba. Sehemu zinazokosa hewa safi huchochea kuota mishipa mipya, nayo ni dhaifu, hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho. Haya yote hutokea bila maumivu, na mgonjwa aweza kuona vema hadi madhara yawe makubwa.

Tiba mojawapo ni kuichoma retina kwa mwanga. Daktari Mjerumani, Gerd Meyer-Schwickerath, alitafakari macho yaliyoungua kwa kutazama kupatwa kwa jua mwaka 1945, akaona kwamba mwanga unaounguza waweza pia kutibu. Leza ilipatikana mwaka 1960. Mwaka 1976 utafiti wa Marekani ulionyesha kuwa tiba hii hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kupoteza sana uwezo wa kuona kwa wenye hatua kali ya ugonjwa.

Ugumu ni kwamba jicho halitulii, hata mtu akikaza macho. Katikati ya retina pana sehemu ndogo tunayoitumia kusoma na kutambua nyuso. Leza ikipachoma, hasara haina marekebisho. Ndiyo maana zimebuniwa mashine ambazo kamera yake huipiga retina picha mfululizo wakati tiba ikiendelea. Daktari huweka alama kwenye picha: pa kuchoma na pa kuepuka. Kompyuta hutambua mishipa ya damu kama mvuvi anavyotambua vilima vya pwani. Jicho likihama, shabaha huhama nalo, na likipotea, leza husimama.

Mashine hizi bado ni chache, lakini leza ya kawaida katika mikono ya bingwa ni tiba kamili. Tena leza huzuia upotevu zaidi. Kwa kawaida hairudishi kilichokwisha kupotea. Wanaonung'unika kwamba “haikusaidia” mara nyingi walichelewa.

Basi mwenye kisukari apimwe retina kila mwaka, hata kama anaona vizuri, na aombe rufaa mapema. Mabingwa wapo KCMC Moshi na CCBRT Dar es Salaam, safari ndefu kwa mtu wa Kirando. Nauli yake na mtu wa kumsindikiza ni mambo ambayo Jumuiya Ndogo Ndogo zinaweza kuyapanga.