Mbegu na matunda ya jangwani Turkana: Kutoka chungu cha ukame hadi sokoni

Mvua zilipokosekana kwa misimu mitano mfululizo katika Pembe ya Afrika, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, baadhi ya familia za wafugaji katika Kaunti ya Turkana, nchini Kenya, zilirejea kwenye chakula ambacho wazee wao walikijua vyema: matunda na mbegu za miti ya porini. Chakula hicho hakiliwi hivi hivi. Usalama wake hutegemea ujuzi wa kukisindika, na wenye ujuzi huo kwa sehemu kubwa ni wanawake.

Mfano ulio wazi ni edung, mti mdogo unaobaki na majani hata wakati wa kiangazi kikali. Mbegu zake ni chungu. Huchemshwa kwa saa kadhaa, maji yakamwagwa na kuwekwa mengine, kisha kazi hurudiwa mpaka uchungu uishe. Mbegu za edapal nazo hupitia njia kama hiyo. Anayefupisha kazi kwa kubakiza maji ya kwanza huhatarisha afya ya nyumba nzima.

Hapo ndipo penye uzito wa suala hili. Kila mchemsho hudai maji na kuni, vitu ambavyo ukame huvifanya adimu. Chakula kinachoitwa cha bure, kwa hakika, hulipiwa kwa mwendo mrefu wa mama anayebeba mtungi. Kwa sababu hiyo, uongezaji thamani wenye maana zaidi si pakiti yenye rangi za kuvutia, bali ni kusindika kwa wingi karibu na kisima wakati wa mavuno, kwa majiko yanayookoa kuni, kisha kuzikausha mbegu zilizokwisha kuondolewa uchungu ili zihifadhiwe.

Mkoma, ambao Waturkana huuita eng'ol, una urahisi wake. Hustawi kandokando ya mito Turkwel na Kerio. Nyama kavu ya tunda lake hutwangwa kinuni na kuchekechwa, ukapatikana unga mtamu unaoliwa wenyewe au kuchanganywa na maziwa au damu ya mifugo. Majani yake husukwa vikapu na mikeka, kama miyaa inavyosukwa Pwani, na mapato yake ni ya kutegemewa. Hata hivyo, kukata majani machanga ya kileleni bila kiasi hudhoofisha mti uleule unaotoa chakula.

Vikundi vinavyokusudia kuuza unga huo uliofungashwa huhitaji alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS), inayotolewa baada ya ukaguzi wa mahali pa kazi na upimaji wa sampuli. Unyevu ndio adui wa kwanza, kwa kuwa huleta ukungu. Matunda yaanikwe juu ya turubai safi au kichanja, mbali na mbuzi, na unga ufungwe baada ya kukauka kabisa.