Negatifu za wazee: tuzitoe mu mukebe mbele zioze

Mwisho wa mwezi wa sita 2024, wakati vita vilipopita Kanyabayonga na kuingia Kayna, watu wengi walishika barabara ya Lubero na Butembo, kila mtu na kile mikono yake iliweza kubeba. Wengine walibeba godoro, wengine sufuria. Mama yangu mkubwa alibeba mukebe wa maziwa ya Nido, umefungwa na kitambaa. Njiani tulifikiri ndani muko franga. Tulipofika Butembo akaufungua: zilikuwa negatifu za foto, zimejikunja kama majani makavu, pamoja na diapo kumi na moja, zile foto ndogo za rangi zinazokaa mu kikadi na kutazamwa kwa projektere.

"Foto za mu nyumba nimeziacha ku kibambazi," alisema. "Lakini hii njo baba yenu. Mukitupa huu mukebe, mumemutupa yeye."

Baba mkubwa alikuwa mfanyakazi wa mgodi huko Lutunguru, wakati wa MGL, kampuni ya Wabelgiji ambayo mwaka 1976 iliunganishwa na nyingine, ikazaliwa SOMINKI. Alikuwa na kamera yake, na siku za mapumziko alipiga foto wenzake, watoto, mashini, hata mbuzi. Sura yake mwenyewe ilibaki mu foto moja ya karatasi, na ile ilibaki Kayna.

Nyumba nyingi za wachimbaji ziko na mukebe kama ule. Mbele ya telefone kuingia, mpiga foto alikupa foto pamoja na vipande vya negatifu ndani ya bahasha. Foto tuliibandika, negatifu tukaisahau. Lakini negatifu njo mama. Foto ya karatasi ni mtoto. Mtoto akiungua ao akilowa, mama anaweza kuzaa mwingine. Na sisi tunajua faida yake: shimo likianguka, mara ngapi familia inatafuta foto ya kuweka kwenye kilio na kupata tu ile ndogo ya kadi ya uchaguzi?

Skanere ya namna gani?

Skanere ya fotokopi, ile ya sekretariati za mjini, haitoshi. Inapiga mwanga kutoka chini na kusoma ule unaorudi kutoka ku karatasi. Negatifu inataka mwanga upite ndani yake. Tafuta skanere ambayo iko na taa mu kifuniko, kama vile Epson Perfection V600, pamoja na vibao vya plastiki vya kushikilia filme. Inakaa juu ya meza ya nyumbani na inaungwa na ordinatere. Familia tatu ao ine zinaweza kuchanga na kununua moja, kiisha kuiuzisha kazi ikiisha.

Filme ya kawaida ni ya milimetre 35, na kila foto ndani yake ni milimetre 24 kwa 36. Za zamani zaidi mara nyingi ni pana, karibu sentimetre 6. Weka namba ya dpi kwa 2400: foto ya milimetre 35 inatoka na nukta karibu 3 400 kwa 2 270, inatosha kuitoa ku karatasi kubwa ya A4. Kupandisha ile namba mpaka mwisho, mara nyingi kunajaza diski tu, sura haiongezeki. Kwa filme pana, 1200 inatosha. Chunga fili moja ya TIFF, ambayo itakula karibu megabaiti 23, na moja ndogo ya JPEG ya kutuma kwa WhatsApp.

Jambo moja lingine. Skanere nyingi ziko na kazi ya kufuta vumbi. Itumie kwa filme ya rangi, usiitumie kwa nyeusi na nyeupe. Filme ya nyeusi na nyeupe iko na chembe za feza, feza ya kweli ile inatoka mu udongo, na mashini inazichanganya na vumbi: itafuta vumbi na sura pamoja.

Kama skanere haiko

Tochi ya kichwa, ile unashuka nayo mu shimo, inaweza kusaidia. Twaa kartoni, weka karatasi nyeupe chini ndani yake, na ukate juu dirisha la ukubwa wa negatifu moja. Toboa pembeni tundu ambamo tochi itamulika ile karatasi, si negatifu yenyewe, ili mwanga uwe sawa pande zote. Bana negatifu ku dirisha na vipande viwili vya kartoni, funga mapazia, piga foto na telefone kutoka juu, mkono usitetemeke. Kiisha, mu programu ya foto, geuza rangi: nyeusi iwe nyeupe, nyeupe iwe nyeusi. Diapo haitaki kugeuzwa. Negatifu ya rangi njo inasumbua, juu ya ile rangi ya machungwa iliyo ndani ya filme. Hiyo uichunge mpaka upate skanere.

Mikono safi, hakuna mate

Shika filme ku mipaka. Vumbi lipulizwe na ile pampu ndogo ya mpira ya kuvuta makamasi ya mtoto, ikiwa mupya na kavu. Usipanguse na shati, usitie mate wala maji. Ukifungua mukebe na kusikia harufu kali ya siki, filme imeanza kuoza yenyewe, na kuoza huko hakurudi nyuma: zitenge na zingine, uzianze hizo. Kiisha ziweke zote mu bahasha za karatasi, si mu sasheti za plastiki zinazofunga unyevu, mbali na moshi wa jiko na mbali na sakafu.

Kazi kubwa ni majina

Watu wetu wengi wanaijua Kampala juu ya biashara. Kule, mwaka 2015, ndani ya kabati la UBC, redio na televisheni ya serikali, kulikutwa negatifu karibu 70 000, nyingi za wakati wa Idi Amin, aliyetawala toka 1971 mpaka 1979. Mwaka 2018 UBC, pamoja na chuo kikuu cha Michigan cha Marekani na cha Western Australia, ilianza kuziskani, na mwezi wa tano 2019 sehemu yake ikaonyeshwa mu Uganda Museum. Mashini ilifanya kazi yake. Lakini kuna mtu aliyesaidia mbele ya mashini: yule aliyeandika ku kila bahasha tarehe na jambo lililopigwa foto. Bila yeye, ingekuwa rundo tu la sura.

Mikebe yetu haikuandikwa kitu. Maandishi yako mu vichwa vya wazee, na wazee wanaondoka. Kwa hiyo, mbele ya kutafuta skanere ya bei, mukalishe mzee, umuonyeshe negatifu juu ya mwanga ao foto ku telefone, na uchukue sauti yake anaposema. Kiisha jina la fili libebe mwaka, mahali na watu. Ku bahasha andika na kalamu ya risasi. Kopi moja ikae kwako, nyingine mu flashi kwa ndugu wa mji mwingine. Sisi tuliokimbia tunaelewa: kopi mbili mu nyumba moja ni kopi moja.

Kwetu kazi ilichukua majuma matatu, kwa kufuata saa za kurani. Foto ya mwisho ilikuwa ya wanaume sita mbele ya mlango wa mgodi. Mama mkubwa alikaribia ordinatere.

"Huyu ni baba yenu. Huyu njo alikuwa anatengenezaka mashini. Huyu alioa dada yangu. Huyu alikufa mu shimo, aliacha watoto wane."

"Na hawa wawili, mama?"

Alitazama kwa muda. "Nilikuwa ninawajua," akasema. "Walikuwa wanakulaka kwangu."

Ku fili tumeandika majina ine. Nafasi mbili tumeziacha wazi. Kama papa yako ao babu yako alifanya kazi Lutunguru, fungua mukebe wako leo, ukutazame ndani. Pengine wale wawili ni wenu.