MAJI NDANI YA GARI: TAFUTENI YANAPOINGILIA



Huku Uganda, kandokando ya Ziwa Victoria, mvua kubwa hunyesha misimu miwili: Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba. Kila msimu sisi wa chama hupokea malalamiko yale yale ya madereva wa mashamba: maji yametuama chini ya viti, sakafu imeliwa na kutu, na dereva anaambiwa alipe kwa uzembe. Shida hii si ya dereva peke yake. Viti vimefungwa kwa bolti kwenye sakafu hiyo. Ikioza, kiti hakitamshika mtu siku ya ajali.

Mara nyingi maji hayaingii pale yanapotuama. Hutiririka chini ya kapeti kutoka mbali. Basi kwanza toeni kapeti, kausheni sakafu, mtazame maji yenyewe. Yakiwa na rangi, utelezi na harufu tamutamu, ni maji ya rejeta yanayovuja kwenye hita. Hayo ni sumu, msiyaonje. Yakiwa safi, na yanaonekana hata siku ya jua, huenda mrija wa kutolea maji ya kiyoyozi umeziba.

Yakija na mvua, fanyeni kazi wawili. Mmoja akae ndani na tochi. Mwingine amwage maji kwa mpira polepole, dakika chache kila mahali, akianzia chini ya mlango na kupanda hadi kioo cha mbele na paa. Anayeona tone aweke alama ya chaki.

Matengenezo mengine hayana gharama. Chini ya kila mlango mna vitundu vya kutolea maji. Zibueni kwa waya mwembamba. Ondoeni majani yaliyojaa penye waipa. Mpira wa mlango uliopasuka ubadilishwe. Kioo kinachovuja fundi akitoe na kukifunga upya; gundi ya kupaka juu juu haidumu. Kwangueni kutu, pakeni rangi ya kuizuia, na kapeti lirudi likiwa kavu.

Ndugu dereva, siku unapoona maji, andika katika daftari la gari pamoja na tarehe, na nakala umpe mwakilishi wa chama. Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, hauruhusu mshahara kukatwa ila kwa masharti ya sheria, makubaliano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Ukiitwa kulipa, usiende peke yako. Njoo na daftari, nasi tutakwenda pamoja.